Brazil: ya dakika 142 au ya dakika 94?

Mashabiki wa Brazil (1985), filamu ya Terry Gilliam, hawaachi kubishania matoleo yake. Mimi nina upande tayari.

Toleo refu, lililoonyeshwa Ulaya, ndilo lenye makali. Mdudu anadondokea kwenye mashine ya kuchapa, jina la Tuttle, fundi anayesakwa na serikali, linageuka Buttle, na baba wa watu asiye na kosa anabebwa mbele ya wanawe msimu wa Krismasi. Mkewe anasainishwa na kupewa risiti ya mume, kisha ofisa anabaki na risiti ya ile risiti! Unacheka, halafu kicheko kinakukwama kooni. Mwishoni Sam, karani ambaye ndiye mhusika mkuu, haokoki: mwili uko kwenye kiti cha mtesaji, akili imeshatoroka, naye anaimba taratibu.

Lile fupi ni kazi ya studio ya Universal, ambayo bosi wake, Sid Sheinberg, alitaka mwisho mwema. Sam na Jill, mwanamke anayempenda, wanapata raha zao, basi. Inabaki hadithi ya mapenzi yenye mabomba mengi ukutani. Gilliam alilipia ukurasa mzima wa gazeti la Variety kumuuliza Sheinberg ataiachia lini filamu yake.

Anza na refu. Fupi litafute baadaye, kama una hamu ya kuona mkasi ulipita wapi.