pgloader: inakimbia kweli, ila mzigo uhesabu mwenyewe

Nimetumia pgloader, programu ya bure ya kuhamishia data, kuhamisha data ya duka la jumla la vipuri vya magari hapa Kampala, upande wa Kisekka, kutoka hifadhidata ya MySQL kwenda ya PostgreSQL. Ukiniuliza kama nitaitumia tena, nitasema ndiyo kabla hujamaliza swali. Kwa kasi, katika zana za bure nilizowahi kushika sijaona ya kuifikia. Alama nilizoipunguzia ni kwa sababu ya safuwima moja, nitaifikia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mfumo wa zamani wa ankara ulikaa MySQL, mfumo mpya unataka PostgreSQL. Majedwali mengi ni madogo tu: wateja, wauzaji, rafu za stoo. Uzito wote uko kwenye jedwali la mistari ya ankara, maana kila boliti na kila chujio la oili lililowahi kutoka dukani lina rekodi yake humo, mamilioni kwa mamilioni. Fundi aliyenitangulia alikuwa ameacha skripti inayosoma rekodi moja, inaiandika upande wa pili kwa INSERT, amri ya kuingiza rekodi, inathibitisha, halafu inarudi kuchukua nyingine. Waliiwasha Jumamosi jioni duka lilipofungwa. Jumatatu asubuhi wateja wamejaa kaunta, skripti bado inahangaika na ankara za miaka ya nyuma. Mzee mwenye duka aliponiita alisema neno moja tu: "Mwanangu, mimi duka silifungi kwa ajili ya kompyuta."

Skripti haikuwa na kosa la kimantiki. Ilikuwa inahamisha shehena ya lori kwa bodaboda, tena bodaboda linalosubiri risiti kila safari. Kila INSERT inayothibitishwa peke yake inailazimisha PostgreSQL ichambue amri, iandike kwenye daftari lake la mabadiliko, yaani WAL, isubiri diski ikubali, ndipo ijibu. Na kama jedwali tayari lina faharasa, yaani orodha za kuharakisha utafutaji, kila rekodi mpya inapangwa kwenye kila faharasa papo hapo. Zidisha hayo kwa mamilioni.

pgloader inapita njia nyingine. Inatumia COPY, mlango wa PostgreSQL uliotengenezwa kwa ajili ya kumiminia rekodi nyingi kwa mkupuo. Inasoma MySQL na kuandika PostgreSQL kwa wakati mmoja, kwa nyuzi tofauti (kazi ndogo zinazokwenda pamoja), kwa hiyo upande mmoja haukai bure ukimsubiri mwenzake. Inaunda majedwali yenyewe, inamimina data yakiwa bado hayana faharasa, kisha inajenga faharasa za jedwali kadhaa sambamba. Mwisho inarekebisha namba za mfululizo ili ankara inayofuata isigongane na ya zamani. Haya yote kwa amri moja yenye anwani mbili, ya kutoka na ya kwenda. Dimitri Fontaine aliiandika kwa Python, baadaye akaiandika upya kwa Common Lisp. Lugha hiyo huhitaji kuijua, ila ukumbuke ipo, maana ndiyo chanzo cha tatizo moja la memori.

Jedwali lililoishinda skripti wikendi nzima lilimalizika kabla chai yangu haijapoa. Sisemi kwa kutia chumvi, mhasibu wa duka alikuwa amekaa pembeni yangu na akadhani imekatika.

Lakini kasi hiyo haikuja kwa pgloader peke yake. Upande wa PostgreSQL nilipandisha maintenance_work_mem, ambayo kwa kawaida ni MB 64 tu, ili ujenzi wa faharasa usiende kupanga vitu kwenye diski. Nikapandisha max_wal_size, kikomo cha ile WAL, kutoka GB 1 ya kawaida, ili seva isisimame kila mara kumwaga mabadiliko diskini katikati ya mmimino. Nikazima synchronous_commit kwa muda wa kazi, ili seva isisubiri diski kabla ya kujibu. Hiyo ya mwisho umeme ukikatika unaweza kupoteza miamala ya mwisho mwisho, lakini hifadhidata haiharibiki. Kuna washauri mtandaoni watakuambia uzime na fsync, ile inayohakikisha data imeshuka diskini kweli. Kwa umeme wetu huu, wakati mwingine taa zinacheza hata kabla ya mvua, usithubutu. Ukizima fsync na mashine ikazimika ghafla, unaweza kuamka na hifadhidata isiyosomeka kabisa.

Jambo lingine la mahali petu ni umbali. Seva mpya iko Ulaya, na wazo la kwanza la kila mtu ni kuwasha pgloader ofisini Kampala iandike moja kwa moja huko. Inawezekana, ila Uganda haina bahari. Data yetu inavuka mpaka kwanza kuzifikia nyaya za baharini, na unganisho likikatika katikati unaanza upya. Tena tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo kutuma mara mbili ni kulipa mara mbili. Nilichofanya ni kutoa nakala kwa mysqldump yenye --single-transaction ili duka liendelee kuuza, nikaibana kwa zstd, nikaituma kwa rsync yenye --partial ambayo ikikatika inaendelea ilipoishia. Kule seva ya mbali nikasimamisha MySQL ya muda, nikarudisha nakala, na pgloader ikafanya kazi yake hapo hapo bila kuvuka mtandao wowote. Nakala kama hiyo ina majina na namba za simu za wateja, basi ifunge kwa nywila kabla haijaondoka na uifute ukimaliza. Sheria ya faragha ya data ya mwaka 2019 inamhusu mwenye duka, si wewe fundi peke yako.

Sasa ile safuwima.

pgloader ukiiwekea on error resume next, ikikutana na rekodi mbovu haisimami. Inaitenga kwenye faili la pembeni, inaandika sababu kwenye faili jingine, inaendelea na zilizobaki. Mwisho inakuchapishia jedwali la muhtasari: jina la jedwali, makosa, idadi ya rekodi, ukubwa, muda. Ni tabia nzuri sana, skripti ya kawaida ingekufa kwenye rekodi ya kwanza. Zile tarehe za MySQL za 0000-00-00, ambazo PostgreSQL haizikubali asilani, inazigeuza kuwa NULL, yaani tupu, yenyewe bila kuulizwa. Mimi muhtasari wangu ulionyesha makosa sifuri kila mstari, na mhasibu akaanza kukusanya mkoba wake.

Nikamwomba akae kidogo. Kwenye jedwali la ankara kuna safuwima inaitwa hali, aina yake tinyint(1), namba ndogo sana. Sifuri ni haijalipwa, moja ni imelipwa, mbili ni mzigo umerudishwa. pgloader, kwa kanuni yake ya kawaida, huichukulia tinyint(1) kuwa ndiyo au hapana: sifuri inakuwa hapana, kingine chochote kinakuwa ndiyo. Yaani ankara zote za mizigo iliyorudishwa zimegeuka kuwa zimelipwa. Hakuna kosa lililoandikwa, kwa sababu kwa PostgreSQL "ndiyo" ni jibu halali. Tuliliona kwa kuwa nilihesabu ankara kwa kila hali upande wa MySQL kabla ya kuanza, na upande wa pili makundi yalirudi mawili badala ya matatu. Mhasibu alitazama skrini, akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo tungewadai wasambazaji nini?" Sikuwa na jibu la kumfurahisha.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye faili la maagizo, wa kuiambia ibaki namba: CAST column ankara.hali to smallint drop typemod. Imeandikwa kwenye mwongozo, siwezi kusema wameficha. Lakini zana inayobadilisha maana ya data kimya kimya ingepaswa kulitaja hilo kwenye muhtasari, hata kwa neno moja. Basi usitosheke na idadi ya rekodi. Linganisha jumla ya fedha kwa mwezi, idadi kwa kila hali, tarehe ya kwanza na ya mwisho, pande zote mbili.

Kero ndogo ndogo zipo. Majedwali yanatua kwenye skima (chumba ndani ya hifadhidata) yenye jina la hifadhidata ya zamani, si public ya kawaida, na asiyejua atadhani hakuna kilichofika. Majina yenye herufi kubwa yanashushwa kuwa madogo. Kwenye jedwali lenye maandishi marefu au picha, memori ya Lisp inaweza kujaa na programu ikaanguka na ujumbe wa "Heap exhausted". Punguza prefetch rows, idadi ya rekodi inazosoma kwa mkupuo, hadi elfu chache, itapita, taratibu kidogo.

Kwa anayehamisha mara moja na kuondoka, ipakue, kwenye Debian na Ubuntu ni apt install pgloader, hulipi kitu. Kwa anayetaka mifumo miwili iende sambamba miezi mitatu huku yote ikipokea ankara, hii si zana yake, atafute ya kufuatilia mabadiliko. Na kama MySQL yako ni ya 8 kuja juu, kabla ya yote mtengenezee pgloader mtumiaji wa mysql_native_password, njia ya zamani ya kuthibitisha nywila, maana kwa ile mpya, caching_sha2_password, toleo nililotumia linagoma mlangoni. Kwenye 8.4 njia hiyo ya zamani imezimwa hadi uiwashe mwenyewe, na kwenye 9.0 imeondolewa kabisa. Huko rudisha nakala yako kwenye MySQL 8.0 ya muda, kisha anzia hapo.