Kituo chetu cha afya, Kigamboni ya mwisho: nyota nne, ya tano imeenda na kanula

Jamani mi hiki kituo nilikuwa nakiponda sana. Huku kwetu lami ilishaisha zamani, na mtu akiugua kidogo tu ni bajaji, pantoni, huyo Muhimbili. Sasa wiki iliyopita saa saba usiku mwanangu wa miaka mitatu joto likapanda mpaka degedege, macho juu, meno kayauma, jirani mmoja anasema usimpeleke akichomwa sindano anakufa, mwingine anatafuta mavi ya tembo amfukizie. Nikadandia boda, dk 10 tukafika.

Nesi mmoja zamu nzima. MMOJA, na chumba cha pili ana mama uchungu umemshika. Akamlaza mtoto ubavu, akamtoboa kidole, sukari akaangalia, malaria akaangalia, ndani ya robo saa kipimo cha malaria kina mistari miwili, yaani anayo, sindano ya artesunate ikaanza palepale. Ya pili baada ya masaa 12, ya tatu usiku unaofuata, akaniambia usije ukatoroka hapa kisa mtoto kachangamka.

Ubaya sasa. Kanula, kale kamrija ka kuingizia dawa na dripu kwenye mshipa, zimeisha, ikabidi nikamgongee mwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara, eti mtoto chini ya miaka 5 matibabu bure, sawa bure, ila kanula ya kwako. Mashine ya FBP, ile ya kupima damu kwa ujumla, imefunikwa kitambaa kama redio ya bibi. Dripu ilining'inia kwenye msumari wa dirisha. Upasuaji hawafanyi, kwa hiyo yule mama kama mtoto angekaa vibaya ni kusubiri gari la wagonjwa, na dereva halali pale. Alhamdulillah alijifungua salama, tulimsikia kichanga saa kumi.

Kilichonimaliza ni hiki, alfajiri nesi ananiangaliaa, "We si binti wa yule mama wa vitumbua? Mbona mwezi huu hajaja kuchukua dawa zake za presha?" Nikabaki mdomo wazi. Sista, hata mimi mwenyewe sikuwa najua. Hospitali kubwa mjini wewe ni namba ya faili, nani atakumbuka vitumbua vya mama yako.

Mtoto saa hizi anakimbiza kuku. Jumatatu nikamburuta mama, presha 180 na anasema hajisikii chochote. Dawa zake zilikuwepo. Kanula bado.