Siku ya kuvua kwa nzi bandia Usa River: uzoefu wangu na familia

Nimekulia kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, na ndoano nimeishika kabla ya kalamu. Dada yangu aliponiambia kuna siku ya vijana na familia kufundishwa kuvua kwa nzi bandia huko Usa River, nilikubali kwa ajili ya watoto tu. Kwa upande wangu niliona sina cha kujifunza kwenye uvuvi. Nimerudi Moshi na mawazo tofauti kabisa, ndiyo maana naandika.

Tulikwenda wanne: mimi, mama yangu, kijana wangu wa miaka 15 na binti wa miaka 11. Kiingilio kilikuwa elfu 15 kwa mtu mzima na elfu 5 kwa mtoto, vifaa vikiwa ndani ya bei hiyo. Chakula kila mtu alijitegemea.

Bwawa lenyewe ni la mtu binafsi, linalishwa na chemchemi ya Mlima Meru, na maji yake ni baridi hadi vidole vinakufa ganzi. Humo ndimo wamo trauti. Huyu si samaki wa kwetu, aliletwa na Wazungu enzi za ukoloni, na hawezi kuishi ila penye maji baridi yenye hewa nyingi. Maji ya mto Usa yanaingia Kikuletwa, na Kikuletwa inamwaga Nyumba ya Mungu, lakini trauti hafiki huko. Joto lingemmaliza njiani. Sisi kule chini tuna perege na kambare, na hao ndio nilikuwa nawajua.

Somo la kwanza lilifanyika kwenye majani, mbali na maji, na mwisho wa mshipi hapakuwa na ndoano bali kipande cha uzi wa sufu. Hapo ndipo nilipokwama. Uvuvi niliozoea, chubwi ndiyo inayoubeba mshipi: unarusha uzito, kamba inafuata. Huku ni kinyume. Nzi bandia ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye kindoano kidogo, hana uzito wowote. Mshipi wenyewe ni mnene na mzito, ndio unaorushwa, na nzi anachukuliwa tu. Mkono wangu wa miaka thelathini ulikuwa unatupa kwa nguvu, na kila nilipotupa mshipi ulirundikana miguuni.

Mwalimu, kijana mpole sana, alitufundisha kwa saa ya ukutani. Karatasi tulizopewa zilisema fimbo ya kuvulia iende kati ya 10 na 2, yaani namba za kwenye uso wa saa. Watoto wawili watatu walielewa ni saa kumi na saa mbili, wakaishusha fimbo hadi karibu na nyasi, mbele na nyuma. Yeye akaiweka karatasi pembeni akasema, "Mshale mfupi ukiwa saa nne, simama. Ukiwa saa nane, simama." Wote wakaelewa mara moja. Waandaaji, tafadhali rekebisheni zile karatasi. Mtoto wa Kiswahili hasomi saa kwa namba iliyoandikwa.

Siri nyingine ni kusubiri. Ukirusha nyuma, mshipi lazima unyooke wote hewani kabla hujaurudisha mbele. Ukiharakisha unasikia mlio kama wa mjeledi, na hapo nzi amekatika. Mwalimu alimwambia mama, "Bibi, mwache alale nyuma kwanza." Mama akawa anahesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, na mshipi wake ukatoka umenyooka kabla ya wangu. Binti yangu naye alipata ndani ya nusu saa. Akaja kunishika kifundo cha mkono: "Baba, usikikunje. Kikaze." Sijawahi kufundishwa na mwanangu jambo lolote la uvuvi. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana pale hapakuwa na anayejua na asiyejua, sote tulianza siku moja.

Usalama niliuridhia. Kila mtoto alivaa kofia na miwani, kwa sababu ndoano inapita karibu na uso, na vijino vya ndoano vilikuwa vimebanwa kwa koleo ili ichomoke kwa urahisi. Penye kina walivalishwa jaketi okozi. Kabla ya kumgusa samaki unalowesha mikono, kwani mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na magonjwa. Mama hakuipenda habari ya kumrudisha samaki majini. Alisema wazi kuwa chakula hakichezewi, na nadhani ana haki ya kusema hivyo. Waliruhusu kila familia kuondoka na mmoja, hilo likamtuliza.

Kilichoniudhi ni muda. Tuliambiwa saa moja na nusu asubuhi, tukaondoka Moshi gizani, na somo likaanza saa tatu na robo. Si suala la adabu tu. Trauti hula vizuri maji yakiwa bado na ubaridi wa usiku, na jua likipanda wanashuka chini. Tulipofika majini ilikuwa karibu saa tano. Tena fimbo zilikuwa nane kwa familia kumi na kitu, zote za futi tisa, ndefu mno kwa mtoto wa miaka saba. Wadogo wengi waliishia kutazama. Fimbo fupi tatu tu zingetosha kuwaokoa.

Kijana wangu ndiye aliyepata, mmoja, saa sita kasoro. Hakupiga kelele. Aliita "Bibi!" kwa sauti ndogo, na mama akaenda na wavu. Trauti yule alikuwa na mstari wa waridi ubavuni, urefu kama kiganja na nusu.

Mkienda, bebeni maji ya kunywa na sweta, na mkaulizie fimbo za watoto kabla ya kulipa. Sisi tutarudi. Kwa sasa binti ameweka mfuniko wa ndoo katikati ya uwanja, na kila jioni analenga kwa fito na uzi wa sufu. Mimi nasubiri zamu yangu.