Praat: programu ya bure inayoyapima matamshi ambayo sikio huyadai tu

Isimu huhesabiwa kuwa taaluma ya kisayansi kwa sababu madai yake kuhusu lugha hutakiwa kusimama juu ya data ambazo mtu mwingine anaweza kuzikagua na kuzipinga. Katika sintaksia jambo hilo lina wepesi wake, kwa kuwa sentensi huandikwa na kila msomaji akaiona. Katika fonetiki hali ni ngumu zaidi: sauti hupita, na anayesema kwamba irabu fulani imerefushwa au kwamba konsonanti fulani ina mpumuo, yaani hewa inayotoka kwa nguvu inapotamkwa, humtaka msomaji aliamini sikio lake. Baada ya kuitumia kwa muda mrefu programu ya kompyuta iitwayo Praat katika kuchunguza matamshi ya Kiswahili, naona kwamba hakuna zana nyingine ya fonetiki iliyo karibu na uwezo wa mwanafunzi wa kawaida wa isimu Afrika Mashariki kama hii, ingawa ina hatari zake ambazo nitazieleza bila kuzipunguza.

Praat ilibuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, Uholanzi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hadi leo inaendelea kuboreshwa. Hutolewa bure, msimbo wake uko wazi, na hufanya kazi katika Windows, Mac na Linux. Katika Windows ni faili moja tu ambalo halihitaji kusakinishwa. Hufunguliwa likafanya kazi hata kutoka kwenye flashi, na kompyuta ya zamani hailemewi nalo. Uchambuzi wote hufanyika ndani ya kompyuta yenyewe, kwa hiyo intaneti ikikatika kazi haisimami.

Rekodi ikifunguliwa, mawimbi ya sauti huonekana juu na spektogramu chini yake. Muda husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, masafa hupanda kutoka chini kwenda juu, na weusi wa mchoro huonyesha mahali ambapo nguvu ya sauti imekusanyika. Juu ya mchoro huo programu huweza kuchora mstari wa kidatu (kupanda na kushuka kwa sauti), mstari wa ukubwa wa sauti na vitone vyekundu vya fomanti, yaani yale masafa ya mwangwi wa njia ya sauti ambayo kwayo irabu moja hutofautiana na nyingine. Irabu tano za Kiswahili hujipanga vizuri sana katika vipimo hivyo: /i/ na /u/ zina fomanti ya kwanza iliyo chini, /a/ ina fomanti ya kwanza iliyo juu, na fomanti ya pili huitenga /i/ ya mbele na /u/ ya nyuma. Mwanafunzi aliyekariri mchoro wa irabu darasani bila kujua ulitoka wapi anaweza kuuchora upya kwa sauti yake mwenyewe katika alasiri moja.

Thamani ya programu hii huonekana zaidi katika mambo ambayo tahajia yetu imeyaficha. Katika lahaja za pwani ya kaskazini, kama Kimvita na Kiamu, paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi kwa namna moja, kwani jina la mnyama huanza kwa kipasuo (konsonanti inayoziba hewa kisha kuiachilia) chenye mpumuo na lile la sehemu ya nyumba kwa kipasuo kisicho nao. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hiyo, na wasemaji wengi wa bara hawanayo kabisa, jambo ambalo huwafanya baadhi yao kuitilia shaka. Katika Praat shaka hiyo hujibiwa kwa kipimo. Midomo inapoachana, mstari mwembamba wa wima hutokea katika spektogramu. Nyuzi sauti zinapoanza kutetema, mistari ya irabu hufuatana kwa mpangilio. Na nafasi iliyo kati ya matukio hayo mawili, inayopimwa kwa milisekunde kwa kuburuta kipanya, ndiyo inayokuwa ndefu penye mpumuo na fupi pasipo na mpumuo.

Vivyo hivyo kwa sauti /b/, /d/, /j/ na /g/, ambazo wasemaji wengi wa Kiswahili huzitamka kwa kushusha koromeo na kuvuta hewa ndani pale zisipotanguliwa na nazali, yaani sauti ya puani kama /m/ au /n/. Mtetemo wa nyuzi sauti katika kipasuo cha kawaida hufifia kadiri mfungo unavyoendelea, lakini katika kipasuo cha kuvuta hewa mawimbi hukua hadi mfungo unapoachiliwa. Ukiliweka neno "baba" kando ya neno "mbaya" unaweza kuichunguza tofauti hiyo kwa macho, na kwangu mimi huu ni uthibitisho unaoshawishi kuliko maelezo ya kurasa nyingi.

Tena kuna suala la mkazo. Vitabu vyote vya sarufi husema kwamba mkazo wa Kiswahili huwa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na hutaja maneno machache ya pekee, kama "barabara" yenye maana ya njia na "barabara" yenye maana ya sawasawa, ambamo mahali pa mkazo ndipo penye maana. Ni vitabu vichache vinavyoeleza mkazo huo umefanyizwa na nini: ni urefu wa irabu, ni kupanda kwa kidatu, ni ukubwa wa sauti, au ni vyote kwa viwango tofauti? Kwa Praat swali hilo huacha kuwa la kukisia. Unaigawanya rekodi katika silabi ndani ya faili la TextGrid, ambalo huruhusu matabaka kadhaa ya maelezo chini ya sauti ileile, kisha unaandika skripti fupi inayopima kila silabi na kutoa jedwali. Atakayejifunza kuandika skripti hizo ataokoa muda mwingi sana wa kubofya na kunakili namba kwa mkono, na pia atapunguza makosa.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kubadilisha kiimbo. Kiswahili huweza kuuliza swali la ndiyo au hapana bila kubadili neno hata moja: "Amefika" ya taarifa na "Amefika?" ya swali hutofautiana kwa kiimbo tu. Praat hukuruhusu kuchukua taarifa hiyo, kuonyesha kidatu chake kama vitone vinavyoweza kusogezwa, kuvipandisha au kuvishusha, na kuitoa upya sentensi kwa sauti ya msemaji yuleyule. Kwa njia hiyo mtafiti anaweza kutengeneza ngazi za kiimbo kutoka taarifa hadi swali, akawasikilizisha wasemaji wa Unguja, wa Mombasa na wa Lubumbashi, na kuona kila kundi linaanza kusikia swali katika ngazi ipi. Hilo ni jaribio kamili la kisayansi, na halihitaji maabara yoyote zaidi ya kompyuta na vipokea sauti vya masikioni.

Hatari kubwa ya programu hii ni wepesi wake wa kutoa namba. Ukiiomba fomanti, itakupa fomanti, hata kama uliyoionyesha ni kelele ya feni. Kikomo cha juu cha masafa huja kikiwa kimewekwa kwenye hezi 5500, ambacho kinafaa sauti ya mwanamke mtu mzima. Kwa mwanamume mwongozo wa programu hupendekeza hezi 5000. Asiyebadili kikomo hicho anaweza kupata vipimo vya /u/ ya mwanamume ambamo fomanti ya kwanza na ya pili zimeunganishwa kuwa moja, na jedwali lake litaonekana safi kabisa. Njia ya kupima kidatu, ambayo Boersma aliieleza mwaka 1993, ni ya kuaminika sana, lakini nayo huweza kuruka na kutoa nusu au mara mbili ya thamani ya kweli, hasa sauti inapokwaruza mwishoni mwa sentensi. Kwa hiyo kila kipimo kinapaswa kulinganishwa na spektogramu kwa macho kabla ya kuingizwa katika tasnifu, na ningependa wahadhiri waikatae kazi isiyotaja mipangilio iliyotumika.

Sura ya programu ni ya kizamani na humchosha mgeni. Amri hubadilika kulingana na kitu ulichokichagua katika orodha, na lugha ya amri na ya mwongozo wake mpana ni Kiingereza pekee. Kitufe cha kuondoa kitu katika orodha hukiondoa papo hapo bila kuuliza, na programu haihifadhi kazi yenyewe. Kuhifadhi TextGrid kila baada ya muda mfupi ni lazima.

Ubora wa rekodi nao hauwezi kuokolewa baadaye. Simu nzuri katika chumba kilichojaa vitambaa na kisicho na feni inatosha kwa irabu na kiimbo, mradi rekodi iwe ya WAV, muundo usiobanwa. Miundo iliyobanwa hutupa sehemu ya sauti, na kwa vikwamizi kama /s/ na /sh/ upotevu huo unaweza kuharibu vipimo.

Kwa anayeshughulikia masimulizi marefu au lugha ya alama, ambako ishara za mikono na uso zinahitaji kuonekana kwa video, chaguo linalofaa ni ELAN, programu ya kuandika maelezo juu ya video na sauti, ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, ambayo pia ni ya bure. ELAN huweza kupokea na kutoa faili za TextGrid, hivyo kazi ya kugawanya sauti iliyokwisha kufanywa katika Praat hairudiwi.