Kabla hujanunua mashine ya leza hapa Lamu, nunua kwanza kipoza-maji

Tyubu ya mashine yetu, lile bomba la kioo linalotoa mwale wa leza, ilikufa mwezi wa tatu, Alhamisi, tumebakisha vibao 11 kati ya 40 tulivyoagizwa na nyumba moja ya wageni kule Shela. Vilikuwa vibao vya namba za vyumba, kila namba imezungushiwa nakshi ya mlango wa Kiamu. Mashine ilipokuwa mpya mwale wake ulikata plaiwudi ya milimita 4 kwa kupita mara moja. Siku hiyo tulipitisha mara tatu na upande wa chini haukutoboka, na ule mwanga wa zambarau ndani ya kioo ulikuwa umepauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Ilikuwa na miezi mitano tu. Tuliichangia watu 14, shilingi 380,000, mbali na lori hadi Mokowe, boti ya kuvusha, na mahamali walioipitisha vichochoroni wakiwa wameiinamisha ubavu.

Tangu siku hiyo vikundi vitatu vimeniuliza swali lilelile, viwili vya Malindi na kimoja cha hapa Mkomani: tununue ipi? Wote huanza na wati, kisha ukubwa wa meza, kisha kasi. Hayo yameandikwa kwenye kila tangazo na siyarudii. Mimi nina swali moja, na ndilo nitakalolipimia kila mashine hapa chini. Saa sita mchana, maleleji yameingia na upepo umelala, maji yanayopoza tyubu yamefika nyuzi ngapi?

Mashine nyingi za karakana za pamoja ni za leza ya kaboni dioksaidi. Mwale unazaliwa ndani ya bomba refu la kioo lililojaa gesi, na bomba hilo hula sana likatoa kidogo. Tyubu ya wati 60 hula umeme wa zaidi ya wati 500, na wote usiogeuka mwale unageuka joto. Maji hupita kwenye tabaka la kioo linaloizunguka gesi, yakalibeba joto hilo na kulitoa nje. Tyubu hupenda maji ya nyuzi 15 hadi 25 hivi. Yakipanda kupita 30 nguvu inashuka, na kila saa ya kazi inakula umri wa tyubu kuliko inavyostahili.

Sasa tazama tulichouziwa. Mashine ilikuja na kisanduku cheupe chenye feni na mipira miwili. Kwenye risiti kimeandikwa "chila", yaani kipoza-maji. Kwenye kibandiko cha nyuma kimeandikwa CW-3000. Nikakifungua: ndani mna pampu, rejeta kama ya gari, na feni, basi. Hamna kompresa, ile inayoleta baridi kama kwenye friji. Kinapuliza maji kwa hewa ya chumba, kwa hiyo hakiwezi kamwe kuyashusha chini ya joto la chumba chenyewe. Mtengenezaji hajamficha mtu. Anasema wazi kwamba kinaondoa wati 50 kwa kila nyuzi moja ambayo maji yameizidi hewa. Chukua wati 500 za joto, gawanya kwa 50, unapata 10. Chumba chetu kikiwa nyuzi 31, mashine ikifanya kazi mfululizo, maji yatakwenda kutulia 41. Aliye Uingereza na chumba cha nyuzi 15 kinamtosha. Kwetu pwani kinaipika tyubu polepole, na hakuna atakayekwambia, maana mwanzo inakata vizuri.

Wiki ile ya mwisho nilitumbukiza kipimajoto ndani ya tangi, nikawa naandika ukutani kwa penseli. Saa tatu asubuhi, 30. Saa nne na nusu, 35. Adhuhuri ikiadhiniwa, 39.

Nikafanya kosa ambalo nawaomba msilirudie. Tulileta barafu ya wavuvi, tukaitia kwenye mifuko na kuizamisha tangini. Maji yakashuka hadi 17 na tukafurahi. Baada ya dakika chache nikaona kioo cha tyubu kimetoka jasho, matone madogo yamejipanga tumboni mwake hadi mwisho kule unakoingia waya mwekundu wa umeme mkubwa. Kisha tukasikia *tak*, na cheche ya buluu ikaruka kutoka kwenye waya hadi kwenye bati la mashine. Waya huo una maelfu ya volti. Alhamdulillahi hakuna aliyekuwa ameweka mkono. Kutoka hapo tyubu haikurudi tena.

Jambo lenyewe ni la hewa yetu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 humwaga maji juu ya chochote kilicho baridi chini ya nyuzi 26 hivi, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kwa hiyo vitabu vinavyosema weka 18 vimeandikiwa watu wengine. Njia yetu ni nyembamba: maji yakizidi 30 tyubu inachoka, yakishuka sana inatoka jasho na kupiga cheche. Siku hizi tumeyaweka 26 na hayatikisiki, kaskazi au kusi. Kushika kiwango hicho kutwa nzima hakuwezekani kwa feni wala kwa barafu. Kunataka kipoza chenye kompresa na kidhibiti cha joto, yaani CW-5000 kwa tyubu ndogo au CW-5200 kwa wati 60 kwenda juu. Hii ya pili huondoa joto la takriban wati 1,400, na imetupa utulivu ambao hatukuwa tukiujua.

Na ndani yake tia maji yaliyokenekwa. Madukani yanaitwa maji ya betri. Soma chupa vizuri usije ukapewa asidi ya betri, zimekaa rafu moja. Maji ya kisima ya hapa yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme.

Sasa mashine zenyewe.

Ya kwanza kwangu ni Thunder Laser Nova 35, na sina haya kusema naipenda. Sijapewa kitu na mtu. Niliitumia siku mbili katika karakana moja Nairobi na nilikwenda moja kwa moja nyuma yake kutazama kibandiko cha kipoza kabla sijatazama meza. Kina kompresa, na kimekuja na mashine kutoka kiwandani. Hununui kando wala hubembelezi mtu. Meza yake ni milimita 900 kwa 600, inatosha ubao wa kizingiti kidogo au trei kubwa. Mwili umefungwa pande zote, jambo ambalo karakana yenye watoto wa shule wanaoingia jioni haiwezi kulidharau. Kompyuta yake ya ndani ni Ruida, kwa hiyo programu ya LightBurn inaongea nayo bila tabu na kila mwanakikundi anaweza kuchorea nyumbani kwake. Bei ni zaidi ya mara mbili ya tuliyotoa sisi. Lakini jumlisheni mashine yetu, tyubu mpya, kipoza kipya, nauli za mara mbili, na kazi zilizotupita, halafu mniambie ipi ilikuwa rahisi. Angalizo moja kwa wenzangu wa mji wa kale: pimeni mlango kwanza. Nyumba nyingi za mawe haitaingia, na ngazi ndiyo usahau. Sisi tukifanikiwa kuinunua itabidi tukodi chumba upande wa bahari.

Ya pili ni zile mashine za Kichina zisizo na jina maalumu, zinazouzwa kwa vipimo vya meza, 6040, 9060, 1390. Humo mna nzuri na mbovu, na huwezi kuzijua kwa rangi. Mimi ninayo moja na baada ya matengenezo inafanya kazi ya heshima. Ukinunua, muulize muuzaji akuuzie bila kipoza, upunguziwe bei, kisha utafute CW-5200 mwenyewe. Chukua rula upime tyubu: iliyo na sentimita 70 haiwezi kuwa ya wati 60, hata kama kibandiko kimeandikwa 80. Tyubu ya kampuni ya RECI inagharimu zaidi, ila wati zilizoandikwa ndizo unazozipata.

Halafu fungua mlango wa nyuma utazame bodi. Bodi ya Ruida ina sehemu ya ulinzi wa maji: maji yakikoma kupita, au kipoza kikipiga kengele, mwale unajizima wenyewe. Katika mashine yetu sehemu hiyo ilikuwa imeungwa kwa kijiwaya cheusi kisichozidi urefu wa kidole, kuidanganya bodi kwamba maji yapo siku zote. Hata pampu ingekufa tungeendelea kukata hadi tyubu ipasuke. Nilikikata kijiwaya hicho kwa koleo, nikakitia kwenye bahasha, na ninacho. Aliyekiunga alijua anachofanya. Alitaka mashine isimsumbue siku ya kuionyesha, akawaachia hasara watu 14 waliochanga kwa jasho, wakiwemo kina mama wawili wanaoshona kofia za vito mwaka mzima kupata fungu lao.

Ya tatu naiweka hapa kwa heshima tu: Epilog ya Marekani na Trotec ya Austria. Nyingi katika zile zao ndogo zina tyubu ya chuma inayopozwa kwa hewa, hazitaki maji kabisa, na kwa hivyo lile tatizo langu la jasho halipo. Mashine bora mno. Bei zake haziko kwenye mfuko wa kikundi, na tyubu ikiisha gesi itasafiri ng'ambo kujazwa. Mfadhili akija na swali "mnataka nini", zitajeni bila aibu. Kwa pesa za mchango, hapana.

Glowforge wengi wameipenda kwa umbo. Haifanyi kazi bila intaneti, na hata ile ya daraja la Pro inataka chumba kisichozidi nyuzi 27 hivi. Chumba cha nyuzi 27 Lamu ni chumba chenye eyakondishena. Imetoka.

Za bei ya chini sizimalizii muda. K40, ile leza ndogo ya Kichina, huja na pampu ndogo na wewe utafute ndoo. Yote niliyosema juu ya barafu yanarudi palepale. Leza za dayodi, zile fremu nyepesi za mwanga wa buluu kama xTool D1 Pro, hazina maji na kwa mtu mmoja anayeandika majina juu ya miko na vitana zinafaa. Haziwezi akriliki ang'avu, mwanga unapita tu. Na fremu iliyo wazi katika chumba cha watu wengi ni hatari ya macho, kwa sababu miwani ziko tatu na wanaochungulia wako wanane.

Mbambakofi, kwa wanaoniuliza, usitarajie kuukata kwa mashine yoyote kati ya hizi. Utauchora vizuri sana, na kuukata mwachie fundi na msumeno. Na ngozi bandia ya plastiki ya PVC ipigwe marufuku kwa maandishi mlangoni: moshi wake unatoa gesi inayogeuka asidi, inakula mapafu na reli za mashine pamoja. Kwenye karakana ya pamoja kila wiki kuna mtu anayekuja na kipande mfukoni.

Nirudi kwa wauzaji, maana moyo wangu haujatulia. Nilipompigia yule wetu kumweleza kuhusu CW-3000, alinijibu, "Dada, hiyo ndiyo chila orijino, wateja wote wa Nairobi wanatumia." Nairobi iko juu ya mita 1,600 na asubuhi zake watu huvaa sweta. Nikamwambia niko Lamu. Akasema dhamana haihusu tyubu. Nikauliza tyubu peke yake ni kiasi gani, akanitajia bei. Jioni mwenzangu akapiga kwa namba nyingine akisema yuko Thika, akatajiwa bei iliyo chini kwa shilingi 9,000 kwa tyubu ileile, kabla ya usafiri wowote. Tukisema tuko visiwani tunaonekana watu wa mahoteli na watalii. Sisi ni mafundi wa nakshi na washona kofia, na shilingi yetu ni ileile ya Thika.

Kwa hiyo nimeweka desturi. Muuzaji akinitumia tangazo, simuulizi bei. Namwomba picha moja tu, ya kibandiko kilicho nyuma ya kipoza. Mwezi huu nimewaandikia watano kwa niaba ya kikundi cha Malindi. Wawili wametuma kibandiko, kimoja CW-5000 na kingine CW-5200, na hao ndio tunaozungumza nao. Mmoja hajajibu. Wawili wametuma picha ya mbele.