Oili ya giaboksi ya otomatiki: ipi ununue Mwanza, na kwa mpangilio gani

Ukiingia duka la oili na kusema unataka ya giaboksi ya otomatiki, swali la kwanza utakaloulizwa mara nyingi ni hili: "Nyekundu au kijani?" Usilijibu. Rangi ni dawa ya kutia rangi tu, imewekwa ili ukiona tone chini ya gari ujue linavuja kutoka wapi. Oili ya steringi ni nyekundu pia. Kuna oili tano nyekundu zinazofanana kabisa machoni, na moja tu ndiyo inayofaa gari lako.

Naandika kwa uchungu kidogo. Shemeji yangu alinunua Nissan X-Trail ya umbo la pili, T31, imetoka Japan ikiwa safi. Giaboksi yake ni CVT, aina ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia. Gereji moja hapa mjini ikaimwagia ATF nyekundu, yaani oili ya otomatiki za kawaida, kwa maelezo kwamba otomatiki zote zinakula hiyo. Haukupita muda mrefu, gari likaanza kutetemeka likipanda kilima cha Bugando: mshale wa mizunguko unapanda, gari halisogei. Tulipofungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, zile sumaku ndogo za ndani zilikuwa zimevaa tope la chuma, laini kama masizi, ukilisugua kati ya vidole linang'aa. Aliishia kutafuta giaboksi ya mtumba.

Sababu yake ni hii. Giaboksi ya otomatiki ya kawaida ina sahani za kluchi zinazoshikana ndani ya oili. Oili yake hutiwa viungo vya kuzifanya zishikane taratibu, gia ibadilike bila mtikisiko. CVT haina gia za namna hiyo. Ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake lazima iache chuma kishike chuma bila kuteleza wala kukwaruzana. Ukiweka ATF humo, mkanda unateleza na puli zinachubuka. Puli ikishachubuka, hakuna oili itakayoirudisha.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, fungua boneti. Toyota nyingi zina kibati chenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE. Ukiona namba inayoanza na K, kama K111, hiyo ni CVT. U340E au A960E ni otomatiki ya kawaida. Halafu vuta dipstiki ya giaboksi (kijiti cha kupimia oili), kama ipo, na usome kishikio chake: Toyota nyingi za miaka ya 2000 zimechorwa pale pale T-IV, ambalo ni jina la kiwango cha oili. Toyota ya otomatiki ya kawaida isiyo na dipstiki mara nyingi inatumia WS, kiwango kingine, na maandishi hayo utayakuta kwenye giaboksi yenyewe, karibu na nati ya kujazia. Piga picha kwa simu. Picha hiyo ndiyo unayokwenda nayo dukani, si jina la gari, kwa sababu jina moja hubeba giaboksi tofauti. X-Trail ya kwanza, T30, ni otomatiki ya kawaida inayotumia Matic D, wakati T31 ya CVT inatumia NS-2. Noah mbili zilizopishana miaka michache zinaweza kutofautiana vivyo hivyo.

Kwa magari tunayoyaona kila siku kuanzia Igoma mpaka Pasiansi: IST ya umbo la kwanza ni T-IV, Harrier ya 2003 yenye injini ya 2.4 ni T-IV, Alphard ya kwanza ya 2.4 vilevile. Mark X ni WS. Honda Fit ya kwanza yenye CVT inataka HMMF ya Honda, na hapo sikushauri kabisa kujaribu mbadala wa kubahatisha.

Sasa mpangilio wangu.

Nafasi ya kwanza naipa oili halisi ya mtengenezaji wa gari, yenye jina lile lile ulilosoma kwenye dipstiki. Toyota T-IV na WS huja kwenye makopo ya lita 4, na kwa gari dogo hiyo inatosha, kwa sababu ukifungua nati ya chini hutoa takribani lita 3 tu. Nyingine hubaki ndani ya konveta (inayounganisha injini na giaboksi) na mabomba. Kwa CVT yoyote, mimi sishuki chini ya nafasi hii isipokuwa oili halisi imekosekana kabisa.

Ya pili, na kwa otomatiki ya kawaida iko karibu sawa na ya kwanza, ni oili ya kampuni nyingine inayotaja kiwango chako kwa namba. Aisin ndio wanaotengeneza giaboksi nyingi za Toyota, na AFW+ yao inafaa mahali pa T-IV. Wapo pia Idemitsu, Eneos, Castrol na Total. Geuza kopo usome nyuma. T-IV ina namba ya kiwanda JWS 3309, na WS ni JWS 3324. Namba ikiwepo, nunua bila wasiwasi. Pale mbele pameandikwa tu "kwa magari ya Kijapani" na nyuma hakuna namba, rudisha kopo kwenye rafu.

Muuzaji mmoja aliniambia, "Bosi, hii ndiyo wanayochukua mafundi wote." Nikamwambia, "Sawa kaka, nisomee hapo nyuma." Akasoma, akanyamaza, akaleta kopo jingine. Wengi wao si wadanganyifu, hawajazoea mteja anayeuliza.

Ya tatu ni oili inayodai kufaa magari yote. Kwa IST au Rav4 ya zamani yenye T-IV inaweza kukusogeza, mradi T-IV imetajwa kwenye orodha. Kwa gari la WS nina shaka zaidi, kwa sababu WS ni nyepesi kuliko T-IV na Toyota yenyewe haikubali moja ichukue nafasi ya nyingine. Na kama kopo linadai kufaa ATF na CVT kwa pamoja, liache.

Ya nne, Dexron III. Hii ndiyo inayouzwa sana, na wengi huiita haidroliki. General Motors walianza kutumia jina la Dexron mwaka 1967, na ruhusa za Dexron III zikaisha mwishoni mwa 2006. Maana yake kopo la leo lenye jina hilo halina tena anayelikagua kwa niaba yao. Kampuni inayojiheshimu bado hutengeneza nzuri, na inafaa steringi na magari ya zamani yaliyoandikiwa hivyo. T-IV na WS hazimo. (Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marekani walikuwa wakitia mafuta ya nyangumi ndani ya oili hizi ili kluchi zishikane vizuri. Viungo ndiyo roho ya oili hii tangu zamani.)

Ya mwisho haistahili hata nafasi: oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, ikamiminwa kwenye chupa ya maji. Hujui iliingia lini wala pipa lilibeba nini kabla. Pia chunga wasije wakakuuzia oili ya gia ya 80W-90. Hiyo ni ya difu na giaboksi za manyuo, nzito mno kwa otomatiki.

Kuhusu feki: kagua pete ya mfuniko isiwe imekatika na kugundishwa, linganisha namba ya toleo kwenye kopo na kwenye boksi, na dai risiti ya EFD. Ukishamaliza, toboa makopo matupu. Kopo zima la oili halisi likiachwa gereji linaweza kujazwa tena na kuuzwa kwa mwenzako.

Muda wa kubadilisha, kwa mji wetu wa vilima na foleni, mimi nafuata kilomita 40,000 mpaka 60,000. Anayebeba magunia ya dagaa kutoka Mwaloni Kirumba kwa Noah aishike ile ya chini, kwa sababu mzigo huleta joto na joto ndilo linaloua oili. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu iliyofifia ni uzee wa kawaida. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni kluchi zinazoisha. Ikiwa kama maziwa ya waridi, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta ama umepita kwenye mafuriko, na gari lisiwashwe tena mpaka lifunguliwe.

Siku ya kubadilisha, simama pale. Mwambie fundi akinge oili ya zamani kwenye dumu lenye alama za lita, kisha arudishe kiasi kile kile kilichotoka. Kwa gari lenye dipstiki, pima likiwa tambarare, injini ya moto na inanguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia P, R, N, D na kurudi P, na usome alama ya HOT. La WS hupimwa kwa nati ya kufurikia, pale oili iliyozidi inapomwagikia, oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo hawezi kujua kama amejaza sawa, hata kama kopo ulilomletea ni halisi.