TAHADHARI: Seti za mota na betri za ndege za rimoti zenye lebo za uongo, Nairobi

Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na Facebook hapa Nairobi na "seti kamili": mota 2212 ya 1000KV (mizunguko 1000 kwa dakika kwa kila volti), ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 30 na betri ya lipo (lithiamu polima) 3S, yaani ya seli tatu, 2200mAh 25C. Anasema ana duka Luthuli Avenue, ila hakuna mteja anayepelekwa dukani. Mzigo unaletwa na boda, na pesa anazitaka kwa namba ya kibinafsi ya M-Pesa, si Till. Ukimwambia unataka kupima kwanza, ghafla ana wateja wengine wanaosubiri.

Ubaya mkubwa uko kwenye betri. Ni pakiti zilizokwisha kutumika, zikavuliwa plastiki ya zamani na kuvishwa mpya yenye lebo inayong'aa. Anajua lipo mpya ni adimu hapa, kwa kuwa betri za lithiamu zikisafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Kwa hiyo mtu akiona moja ya bei nafuu mjini, analipa bila kuuliza.

Dalili ya kwanza: anakukabidhi ikiwa imejaa, volti 12.6, eti "iko tayari kuruka". Betri ya kiwandani haiji imejaa, huja na volti 3.7 hadi 3.85 hivi kwa kila seli. Iliyojaa imechajiwa na yeye, maana seli iliyochoka ikijazwa husoma vizuri kwenye multimita. Uchovu wake unaonekana ikibebeshwa mzigo, yaani ikitakiwa kutoa umeme mwingi.

Kwa hiyo ibebeshe. Nunua balbu ya taa ya gari, H4 ya volti 12, Kirinyaga Road, uisoldie waya wenye plagi ya XT60 (ile plagi kubwa ya betri) kwenye upande wa wati 55. Itavuta ampea 4 hadi 5. Kwanza soma kila seli kupitia plagi ndogo nyeupe ya balansi (ya kusawazisha seli wakati wa kuchaji): waya mweusi ni hasi, na kila waya unaofuata unaongeza seli moja. Kwenye pakiti mpya seli zisitofautiane zaidi ya volti 0.02 au 0.03. Kisha washa balbu sekunde kumi, usome tena ikiwa bado inawaka. Seli nzima hushuka kidogo tu, chini ya volti 0.1. Ikishuka 0.2, au moja ikaziacha wenzake, rudisha mzigo hapo hapo. Seli kama hiyo ikifungwa kwenye ndege, volti huporomoka ukikaza throto kupanda, ESC inadhani betri imeisha na kuzima mota mita chache juu ya ardhi. Wengi hulaumu ESC, wengine hata huishusha ile volti ambayo ESC hukata umeme wa mota. Usifanye hivyo. Lipo ikivutwa chini ya volti 3.0 kwa seli inaharibika, na ukija kuichaji inaweza kuvimba au kushika moto.

Mizani nayo haidanganywi. 3S 2200mAh halisi ina gramu 170 hadi 190 hivi. Muuzaji huyu ana nyingine za umbo lile lile zenye lebo ya 5000mAh. Uwezo huo haukai kwenye gramu 180, 5000 ya kweli hukaribia gramu 400.

Tuje kwenye mota. Baadhi zimebandikwa 1000KV kumbe ni 2200KV. Ya 1000KV kwa 3S inachukua propela ya 10x4.5 (upana na mwinuko kwa inchi) na kuvuta ampea 15 hivi. Ile ya 2200KV inataka 6x3 au 6x4. Ukiifungia 10x4.5, inapita ampea 30 kwa mbali na ESC inatoa moshi ndani ya sekunde chache. ESC ndiyo inayolisha risiva (kipokea mawimbi ya rimoti) na servo (vimota vya kugeuza mabawa na mkia) volti 5, kwa hiyo ikifa angani hakuna cha kushusha ndege.

Kuipima si kazi. Bana shafti kwenye drili, shika kitako cha mota, weka multimita kwenye AC kati ya waya wowote wawili kati ya ile mitatu. Drili ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, 1000KV inasoma takriban volti 1.4. Ikisoma 0.6 hivi, umeuziwa 2200KV.

Skurubu za M3 za kwenye seti nazo ni ndefu mno. Zikipita kitako zinagusa waya za shaba ndani na kupiga shoti, na mtu anafikiri mota ilikuja mbovu. Ziingie milimita 3 au 4 tu, zinazozidi zikate.

Kama umeshanunua na betri imevimba, usiichaji wala kuitoboa. Ipeleke nje kwenye saruji, imalize chaji kwa balbu hiyo hiyo, kisha uipeleke kwa wanaopokea taka za kielektroniki, si kwenye pipa. Isiyovimba ichaji kwa balansi, ampea 2.2, ukiwa karibu. Ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yote usifute, piga picha lebo kabla hujaichana, na upate namba ya OB kituo cha polisi.